Doa Lililoachwa kwa Makusudi

Kama umewahi kushika mkaa kisha ukajipangusa ukutani, unajua kinachofuata: ukisugua, doa halitoki, linasambaa. William Kentridge, mchoraji wa Johannesburg aliyezaliwa 1955, amejenga filamu zake juu ya usumbufu huo huo.

Katuni za kawaida za kuchorwa kwa mkono zilikula maelfu ya karatasi. Zake hutosheka na makumi kadhaa. Anabandika karatasi ukutani, anachora kwa mkaa, anaiendea kamera, anapiga fremu moja au mbili, anarudi kwenye karatasi ile ile. Anafuta mkono wa mtu, anauchora mbele kidogo, anarudi tena kwenye kamera. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, kwa hiyo mpaka mhusika avuke chumba, mchoraji mwenyewe ameshatembea mwendo wa kuchosha.

Kifutio nacho hakimalizi kazi. Kila kilichohama kinaacha ukungu wa kijivu pale kilipokuwa. Mwingine angeona ni uchafu, angeusafisha. Yeye aliuacha.

Tazama Felix in Exile, filamu ya dakika zisizofika 9 iliyokamilika 1994, utawala wa Makaburu ukiwa mlangoni kutoka. Nandi, mwanamke Mwafrika, anapima ardhi mashariki mwa Johannesburg na kukuta miili ya waliouawa. Magazeti yanapeperuka na kuifunika. Halafu mkaa unafutwa kidogo kidogo: mwili unakuwa tuta, tuta linakuwa uwanda. Ukikaza macho, umbo bado lipo, kama somo la jana kwenye ubao uliofutwa haraka. Rangi ni chache mno, na nyekundu ya alama za vipimo ndiyo nyekundu ya damu.

Miili hiyo ina historia kwa mchoraji: baba yake, wakili Sydney Kentridge, aliziwakilisha familia za waliouawa Sharpeville, ambako polisi waliua watu 69 tarehe 21 Machi 1960. Mwanawe, angali mdogo, alifungua boksi la njano katika chumba cha kazi cha baba akidhani ni chokoleti, akakuta picha za maiti. Kisa hicho amekisimulia mwenyewe mara nyingi. Picha za namna ile humgandisha maiti pale alipoangukia. Mkaa humwonyesha akitoweka, na kutoweka huko ndiko kunakochukua muda wa filamu.

Nina dukuduku moja. Nandi naye anapigwa risasi na kumezwa na uwanda ule ule, huku Felix, Mzungu aliyekaa uchi chumbani na sanduku lake la michoro, akibaki kuomboleza. Tunamzoea mfiwa kuliko marehemu. Lakini kuna tukio la kioo linalonilegeza: Felix ananyoa ndevu, na kila wembe unapopita, uso wake kiooni unafutika. Wembe umefanya kazi ya kifutio. Pale uso ulipokuwa, anatokea Nandi, anamtazama.