Nguo ya karavati: tusiisifu kwa huruma

Katika mji wetu wa Bunia, nguo ikishonwa kutoka vitu vya zamani, sifa zinakuja mbio. Karavati zimegeuka sketi, fulari zimegeuka blauzi, mikaba imepamba gauni, na watu wanapiga makofi: «Huyu mama iko na akili!» Sisi pia tunapenda akili hiyo. Lakini tunauliza: tumesifu nguo, ao tumesifu umaskini ulioizaa?

Kazi yenyewe si ngeni kwetu. Katika pori la Mambasa, Wambuti walibandua gome la mti na kulipiga kwa nyundo mpaka likawa laini kama kitambaa. Wanaume walipiga, wanawake wakachora kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Leo vitambaa hivyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, na anayeviangalia kule anatazama mistari na mpangilio wake, si kwamba vimetoka kwenye gome tu. Fundi wa Bunia naye anastahili jicho kama hilo.

Wengine watasema karavati si mila yetu. Ni kweli kwamba tangu mwanzo wa miaka ya 1970 utawala wa Mobutu uliikataza, watu wakavaa abakosti, mpaka hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 iliporudisha ruhusa. Leo karavati zinatufikia ndani ya mizigo ya mitumba inayopitia Uganda. Lakini kikwembe cha waksi nacho kilitoka wapi? Wadachi wa karne ya 19 waliiga batiki ya Java, kisha mama zetu wakakifanya chao. Mila si mahali kitu kilikotoka, ni namna tulivyokigeuza.

Basi tuhukumu kazi. Karavati ni kama kipande cha sketi kilichokatwa tayari: chini pana, juu nyembamba. Karavati 20 zenye sentimita 8 upande wa chini zinatoa, baada ya mishono, mzunguko wa karibu mita moja na nusu. Fundi mwenye jicho anafuata umbo hilo, na sketi inafunguka yenyewe. Asiye na jicho anazikata miraba miraba, alafu anapata kiraka kikubwa. Tena, kitambaa cha karavati hukatwa mshazari, kwa hiyo kinavutika. Bila bitana, sketi itashuka upande mmoja kisha kufuliwa mara chache.

Kuna kosa lingine: nguo ya kupigiwa picha tu. Gauni lililojaa mikaba ya ngozi halifuliki kwa sabuni. Blauzi ya fermetire zisizofunikwa ndani inakwaruza mwili. Nguo ambayo haikaliki, haitembeki wala haifuliki ni pambo la ukuta, hata ikipigiwa makofi namna gani.

Na heshima pia ina nafasi yake. Fulari ya marehemu si sawa na fulari ya sokoni. Kabla mkasi haujapita, familia iulizwe. Wakikubali, nguo hiyo itabeba ukumbusho. Wasipoulizwa, italeta kesi.

Tunasema hayo yote ju ya jambo moja. Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mauaji ya Djugu yaliyoanza mwisho wa 2017, wanawake wengi wamefika Bunia mikono mitupu. Kwa baadhi yao mashini ya kushona ndiyo shamba lililobaki. Mnunuzi anayelipa kwa huruma anakuja siku moja tu, na bei yake ni ya sadaka. Mnunuzi aliyependa mshono anarudi, na anamleta jirani yake.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tukimsifu fundi bila kugeuza nguo upande wa ndani, sisi ndio tunaotia maji. Tuigeuze, tuangalie uzi, bitana na pindo. Pakiwa pabaya, tumwambie mama kwa upole: «Hapa rudilia.» Pakiwa pazuri, tulipe bei ya nguo mpya, maana hiyo ni nguo mpya.