“Umbwa hii”: Wanyama wa skrini na punda wa Lodwar

Kuna tusi ambalo kila Mkenya analijua, hata yule ambaye hajawahi kulitamka: “Umbwa hii!” Mwalimu wa Kiswahili akilikuta kwenye insha atalipigia mistari miwili myekundu. Wa kwanza ni wa neno lenyewe, maana neno sanifu ni mbwa. Wa pili ni wa upatanisho wa kisarufi. Mbwa ana uhai, kwa hivyo yumo katika ngeli ya A-WA: mbwa huyu, mbwa hawa. Kiashiria “hii” ni cha meza, kalamu na nyumba.

Mwalimu yuko sahihi. Lakini mtukanaji naye anajua anachokifanya. Angesema “mbwa huyu”, tusi lingepoa. Kinachouma ni hiyo “hii”. Inamtoa mnyama miongoni mwa wenye uhai na kumpanga pamoja na vyombo, kisha inamtupa binadamu papo hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa “ng'ombe hii” na “punda hii”.

Ajabu ni kwamba ngeli hiyo hiyo ya I-ZI ndiyo tunayoikimbilia tunapotaka kuonyesha ukaribu. Twasema ndugu yangu, rafiki yangu, mama yangu, dada zangu. Na mfugaji aliyepotelewa na mifugo atasema: “Mbuzi zangu wawili wamepotea.” Hebu itazame sentensi hiyo vizuri. Kimilikishi kimekwenda I-ZI, lakini idadi na kitenzi vimebaki A-WA. Hakuna kosa hapo. Imejengwa sawasawa na “ndugu zangu wawili wamefika”. Mbuzi amepewa upatanisho wa jamaa na uhai wake haukuguswa.

Kwa hiyo I-ZI ina milango miwili kwa mnyama. Mmoja unaingia sebuleni, waliko ndugu na marafiki. Mwingine unaingia ghalani, viliko vifaa na bidhaa. Nadai kwamba filamu huwapitisha wanyama mlango wa kwanza na soko huwapitisha wa pili, na kwamba mapenzi tunayoyaonyesha mbele ya skrini hayajawasaidia sana wanyama walio nje ya banda la video. Ushahidi wangu nautoa Turkana.

Tuanze na mbwa. Filamu ya John Wick, iliyotoka mwaka 2014, inamhusu muuaji mstaafu aliyefiwa na mke. Mke huyo, kabla ya kufariki, alipanga mumewe aletewe kijibwa kiitwacho Daisy. Wahuni wanavamia nyumba, wanaiba gari na kumuua Daisy. Yanayofuata ni maiti juu ya maiti. Niliitazama katika banda moja la video mjini Lodwar, ikiwa na maelezo ya Kiswahili juu ya sauti ya filamu, kwa mtindo ambao DJ Afro ameufanya maarufu nchini. Vijana walicheka. “Yaani watu wote hao kwa sababu ya mbwa tu?” akauliza mmoja. Mzee aliyekuwa nyuma akamjibu bila kuinua sauti: “Si mbwa tu, kijana wangu. Ni zawadi ya marehemu.”

Sijasoma uhakiki wa filamu hiyo uliosema jambo hilo kwa maneno machache kiasi hicho. Mtazamaji wa mjini, aliyezoea mbwa wa kufugwa kwa mapenzi, huona macho ya Daisy na kuyeyuka. Mzee wa Lodwar hakuyaangalia macho. Aliuliza mnyama huyu ametoka kwa nani na anamfunga nani na nani. Kwake, kumuua Daisy ni kukata kamba iliyowaunganisha watu wawili, mmoja wao akiwa kaburini. Hapo kisasi kinaeleweka.

Sasa tuje kwa punda, ambaye miaka ya karibuni amekuwa nyota asiyetarajiwa. Katika Shrek (2001) alikuwa mchekeshaji, na hata jina hakupewa. Aliitwa Punda tu, kwa Kiingereza chao. Mwaka 2022 mambo yalibadilika. Katika The Banshees of Inisherin, Pádraic anamruhusu punda wake Jenny kuingia nyumbani, na Jenny anapokufa, Pádraic anaichoma moto nyumba ya aliyekuwa rafiki yake. Mwaka huo huo Jerzy Skolimowski wa Poland alitoa EO, filamu ambayo mhusika wake mkuu ni punda. Aliitunga akimkumbuka punda mwingine, yule wa Robert Bresson katika Au hasard Balthazar ya 1966. Punda sita walishirikiana kuigiza nafasi hiyo moja, na Skolimowski alipopokea tuzo Cannes aliwashukuru wote sita kwa majina.

EO ni filamu nzuri, na uzuri wake unatokana na ukatili wa mwisho wake. Punda tuliyemfuata kwa saa nzima na zaidi anajikuta katikati ya kundi la ng'ombe linaloingia kichinjioni. Skrini inakuwa nyeusi. Tunasikia mlio mmoja, basi. Watazamaji wa Ulaya walitoka wakifuta machozi.

Huku kwetu kichinjio hicho hakikuwa cha sinema. Kenya iliruhusu vichinjio vinne vya punda, na kimoja kilikuwa hapa Turkana, karibu na Lodwar. Kilichotafutwa zaidi ni ngozi. Ilipelekwa China, ikachemshwa kuwa ejiao, gelatini inayotumiwa kama dawa ya asili na kipodozi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilihesabu kama milioni 1.2. Siwezi kuulaumu mwiko mmoja kwa mchuzi wote, maana ukame nao huua. Lakini malalamiko ya wizi wa punda yalienea hadi Waziri wa Kilimo, Peter Munya, akatangaza marufuku Februari 2020. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote.

Katika mjadala huo wote nilikuwa nikisikiliza viambishi. Redioni nilisikia “punda zilizochinjwa” na “punda zinazosafirishwa”. Linganisha na mama anayesema: “Punda zangu wawili wamechinjwa.” Wote wametumia I-ZI. Lakini mama ameitumia kwenye kimilikishi peke yake, na kitenzi akakiachia uhai wake. Mtangazaji ameibeba sentensi nzima akaitia ghalani. Msomaji wangu atasema hilo ni kosa la kawaida la Kiswahili cha bara. Ni kweli. Hata hivyo, mtangazaji huyo huyo hasemi “walimu zilizogoma”. Nadhani kosa huenda upande ambao heshima imeshaondoka.

Na heshima ya punda katika Kiswahili haikuwa nyingi tangu hapo. Shukrani ya punda ni mateke, twasema. Punda afe, mzigo ufike. Anayebebeshwa dawa za kulevya tumboni naye tumemwita punda. Methali hizi ni za mwenye mzigo, hakuna hata moja iliyotungwa na anayetembea kando ya punda. Katika Turkana anayetembea kando yake ni mwanamke. Punda, ambaye kwa Kiturkana huitwa esikiria, ndiye hubeba maji kutoka kisimani, na boma linapohama hubeba vyombo, ngozi za kulalia, vitoto vya mbuzi na hata watoto wa watu. Akitoweka, mzigo haufi naye. Unahamia mgongoni mwa mama. “Punda afe, mzigo ufike” ina sehemu ya pili ambayo haijawahi kusemwa: mzigo utafika, lakini umebebwa na nani?

Nitapingwa hapa. Kuna atakayesema: “Lakini Waturkana wenyewe wanakula punda. Huruma yako umeiazima Cannes.” Pingamizi hili lina uzito, na wanaolitoa mara nyingi hulitoa kwa kejeli. Nalijibu kwa filamu nyingine.

David na Judith MacDougall walipiga picha miongoni mwa Waturkana katika miaka ya 1970, wakatoa filamu tatu. Mojawapo ni The Wedding Camels. Lorang anamwoza bintiye Akai kwa Kongu, rafiki na hirimu yake. Sehemu kubwa ya filamu ni mazungumzo: ngamia wangapi, ng'ombe wangapi, nani apewe nini. Wasemaji wanazungumza Kiturkana chao. Hakuna ngamia anayeletwa karibu na kamera ili tumpende, na hakuna anayetuambia tulie wapi. Mara ya kwanza kuitazama nilichoka. Mara ya pili nilitambua kwamba kila mnyama anayetajwa ana uzito wa mtu. Kumtoa huyu ni kumkumbuka mjomba fulani, na kumnyima yule ni kuvunja udugu. Lorang anaogopa kudhalilika mbele ya jamaa, na kipimo cha hadhi yake kinatembea kwa miguu minne.

Watu hawa huchinja na kula. Hawaoni mgongano wowote kati ya kisu na heshima. Mwanamume wa Kiturkana huwa na fahali wake mteule, humtungia nyimbo za kusifu rangi na pembe zake, na huweza kuitwa kwa jina linalotokana naye. Kuwaambia watu hawa kwamba hawawapendi wanyama kwa sababu wanawala ni kutojua mapenzi yana sura ngapi. Punda aliyechinjwa bomani wakati wa njaa alijulikana rangi, umri na mama yake. Aliyeibwa usiku akageuzwa ngozi hakujulikana na mnunuzi kwa lolote ila uzito. Tofauti ninayoijali iko hapo.

Wala sitaki kuyapamba maisha ya Turkana. Ukaribu wa kweli una gharama ambayo filamu haiionyeshi. Chukua mbwa. Watafiti walioandika kuhusu Turkana karne iliyopita walieleza jinsi mbwa alivyokuwa kama yaya: alikaa na mtoto mchanga na kumsafisha kwa ulimi, pahali ambapo maji ya kuoga ni anasa. Mbwa huyo huyo alibeba tegu ambaye mayai yake yakimwingia mtu hutengeneza uvimbe wa majimaji, hasa kwenye ini. Viwango vya ugonjwa huo Turkana vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza kampeni ya kuudhibiti, watu wakifanyiwa upasuaji na mbwa wakipewa dawa ya minyoo. Waswahili wa pwani walitahadharisha mapema: ukicheza na mbwa, utaingia naye msikitini. Mama wa Kiturkana hakuwa akicheza. Alikuwa akigawana kazi na mnyama, na kazi hiyo ilikuwa na hatari yake. Hakuna Daisy wala Hachiko wa sinema aliyewahi kuonyeshwa hivyo, na nadhani filamu ya yaya huyo, hatari na yote, ingekuwa kubwa kuliko zao.

Kilomita zaidi ya mia moja kaskazini-magharibi mwa Lodwar iko Kakuma. Kambi ilifunguliwa mwaka 1992, na wengi wa waliofika mwanzo walikuwa vijana kutoka Sudan, wana wa wafugaji wa ng'ombe. Leo, pamoja na Kalobeyei, ina wakazi zaidi ya 200,000. Kwa miaka mingi wakimbizi hawakuruhusiwa kufuga mifugo kama wenyeji, ili kuepusha ugomvi wa malisho. Hebu fikiria Mdinka aliyelelewa zizini anayeishi miaka 20 bila ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la FilmAid lilianza kuwaonyesha watu wa kambi filamu kwenye skrini kubwa za nje. Kwa mtoto aliyezaliwa pale, huenda simba, tembo au farasi wa skrini ndiye mnyama aliyemjua kwa jina kabla ya fahali wa babu yake. Mtoto huyo hukutana na “Simba”, “Rafiki” na “Pumbaa” wa The Lion King, majina ya Kiswahili yaliyozunguka dunia yakarudi. Wakati huo lugha ya babu yake ina maneno mengi ya rangi za ng'ombe, na mimi sijaona filamu iliyoyatumia.

Ndiyo maana sikubali kwamba mvuto wa wanyama kwenye skrini ni burudani isiyo na deni. Mvuto huo huja kwa jina, kwa sura na kwa muda. Mkurugenzi anapompa punda saa moja na nusu ya uangalifu wetu, punda anakuwa mtu. Je, nani atampa punda wa Lodwar dakika tano? Kwa sisi tunaoandika, kutafsiri na kutangaza kwa Kiswahili, naomba jambo dogo lisilohitaji bajeti ya filamu. Tuandike “punda waliochinjwa”. Tumwulize mwenye punda jina na rangi ya mnyama wake kabla ya kumwuliza bei. Na wanaotoa maelezo katika mabanda ya video, ambao wana masikio ya vijana kuliko sisi wenye safu magazetini, siku wakipata filamu yenye punda wamwite “huyu”. Watoto waliokaa kwenye mabenchi watalibeba neno hilo hadi kisimani kesho yake asubuhi.