Imetengenezwa: kauli ya muuza vaisi

"Vaisi hiyo, ya kizamani, chuma chenyewe, imetumika kidogo, imetengenezwa, maongezi yapo."

Kauli hiyo niliambiwa Gerezani, Dar es Salaam, mbele ya turubai lililotandazwa vyuma: spana zilizopotezana na wenzao, vichwa vya nyundo bila mipini, tupa zilizofungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na katikati yake jiliwa lenye rangi ya buluu iliyobanduka. Kamusi huliita jiliwa, nami naandika hivyo; pale ukisema jiliwa utaulizwa mara mbili. Nimeibeba kauli ile tangu siku hiyo kwa sababu ni utungo kamili, uliosukwa na vinywa vingi kwa miaka mingi. Anayetafuta vifaa vya bei chee kwa karakana yake ya nyumbani hana budi kuisoma kiambishi kwa kiambishi kabla mkono haujaenda mfukoni.

Tuanze na *hiyo*. Jiliwa lilikuwa miguuni pa kijana muuzaji, na kisarufi alipaswa kusema *hii*. Lakini alilinyanyua kwanza, mishipa ya shingo ikamtoka, akalitua mbele ya viatu vyangu, ndipo akasema *hiyo*, neno la kitu kilicho karibu na msikilizaji. Kwa silabi mbili mali ilishahamia upande wangu.

Kisha *ya kizamani*. Wengi huponzwa hapa. *Ya zamani* hutaja umri; *ya kizamani* hutaja namna. Ngoma ya kizamani huchezwa hata leo jioni, na vivyo hivyo jiliwa la kizamani laweza kuwa limemiminwa mwaka jana. Ile *ki-* imesema kweli yake, ila sisi wanunuzi tuna haraka ya kusikia tunachokitamani. Jiliwa lile lilikuwa na jina Record ubavuni, na Record za zamani zilitoka Sheffield, Uingereza, mji uliojijengea jina kwa feleji. Namba 3 yao ina taya za inchi 4, kama milimita 102. Sasa, anayeiga huchukua jiliwa la asili, akalikandamiza kwenye mchanga, akamimina chuma katika alama iliyobaki. Chuma cha kusubu kikipoa husinyaa karibu asilimia 1. Kwa hiyo mwili wa nakala hupungua milimita 1 hivi katika kila milimita 100, na herufi zake zilizoinuka hulainika kingo kama sabuni iliyooshewa. Nilichuchumaa nikapitisha ukucha kwenye herufi R. Ukucha ulikwama ukingoni. Herufi ilikuwa na makali bado, na hapo nikajua kwamba safari hii *kizamani* na *zamani* vimekutana.

*Chuma chenyewe* nilikipita haraka. Ni pambo la katikati ya utungo, la kumpa msemaji nafasi ya kuvuta pumzi. Majiliwa mengi ya aina hii ni ya chuma cha kusubu, kigumu lakini hakipindi: kikizidiwa huvunjika.

Uzito wa kauli uko katika *imetumika kidogo*. Kiswahili kina njia mbili za kueleza kitu kilichopatwa na jambo. Ukisema *imevunjwa*, kuna mtu aliyevunja, hata kama hukumtaja. Ukisema *imevunjika*, mtu huyo ametoweka kabisa, kitu kimebaki na hali yake kama mvua iliyokatika. *Imetumika* ni ya kundi hili la pili. Hakuna aliyeitumia, ilitumika tu. Mnyambuliko huu wa *-ik-* umelifunika turubai lote: tupa imetumika, vernia imetumika, keekee imetumika. Basi kazi ya mnunuzi ni kumrudisha mtendaji aliyefichwa, na vyuma humtaja vyenyewe. Tupa iinamishe kwenye jua. Ncha za meno ziking'aa nyeupe, imekwisha. Vernia ifunge midomo uielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, acha. (Nawasihi vijana wanaoanza: msinunue kipimo kibovu kwa sababu ni rahisi. Kila utakachokikata baadaye kitabeba kosa lake.)

Jiliwa nalo lina pa kusomwa. Mpini wake ulikuwa umepinda kidogo, kwa hiyo kuna aliyewahi kuuvalisha bomba ili apate nguvu zaidi. Meno ya parafujo, ambayo yakiwa mapya huwa na bapa juu, yalikuwa yameanza kuchongoka. Hapo *kidogo* ikawa imekanushwa. Lakini nilipougeuza mpini kinyume, haukwenda bure hata robo ya mzunguko kabla taya haijafuata. Hilo lilinikwaza. Parafujo inasema nimefanya kazi miaka mingi, mpini unasema sijalegea. Beti mbili za utungo mmoja zinapingana, na jibu lazima liwe katika neno linalofuata.

Neno lenyewe ni *imetengenezwa*. Sijui neno la sokoni lenye siri nzito kuliko hili. Kutengeneza ni kuunda kitu kisichokuwapo, na kutengeneza ni kukirudishia uzima kilichoharibika. *Imetengenezwa Uingereza* na *imetengenezwa hapo nyuma* ni kitenzi kilekile, kimevaa *-w-* ileile. Mwili wa neno haukupi dalili. Hata kiimbo hakikusaidii. Jiliwa langu la kwanza, nililolinunua kwingine miaka kadhaa kabla, nalo niliuziwa kwa neno hilo, likiwa na rangi mbichi ya kupendeza. Mimi nikasikia "limeundwa". Wiki ya tatu nilikuwa napinda flati baa, nikasikia mlio mkavu, na taya ikabaki mkononi. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea, na ufa mpya ulipita milimita chache kando ya mshono. Ndivyo inavyokuwa chuma cha kusubu kikichomelewa kwa fimbo za kawaida: kimejaa kaboni, na pale pembeni, moto ulipopita na kupoa upesi, kinakuwa kikavu kama kioo. Anayejua kazi hukipasha moto taratibu na kukiunganisha kwa shaba, na huo mshono wa manjano ni dalili njema, usiukimbie. Rangi mbichi ndiyo ya kuogopa. Nilihuzunika siku ile kuliko thamani ya jiliwa, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ukweli nikashindwa kuusoma.

Safari hii niligeuza kitenzi. "Mwanangu," nikauliza, "nani ameitengeneza?"

Kijana alinitazama. Swali hilo linaiondoa *-w-* na kudai nafsi, na nafsi haikuwamo katika utungo wake. Akanyamaza kidogo, halafu akapaza sauti nyuma ya mabati. Akatoka fundi wa makamo, mikono myeusi kwa grisi. Hakusema mengi. Aliuzungusha mpini mpaka taya ya mbele ikachomoka yote, akaniambia niingize kidole mle ndani. Nati ilikuwa ya shaba, laini, imekerezwa kwa kuifuata parafujo ile ile iliyochakaa. Ya kwanza ilibana mno, akasema, akaitupa na kukereza nyingine. Kwa hiyo *imetengenezwa* ilikuwa kweli kwa maana zote mbili, Sheffield na Gerezani katika mwili mmoja, na beti zangu mbili zikapatana.

Imebaki *maongezi yapo*. Kauli haisemi bei itapungua. Inasema mazungumzo yapo, na *-po* ni mahali mahususi: hapa, sasa, mbele ya turubai, ukiwa bado umechuchumaa. Ukiinuka ukaenda zako, huyakuti tena. Bei alinitajia nilipouliza, laki na sabini.

"Laki na arobaini," nikasema.

"Mzee wangu, nati peke yake elfu ishirini na tano."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike yeye kutaja kitu kimoja kwa jina lake na gharama yake. Nikaongeza elfu kumi.