Wakazi wa Jadotville ni Nani? Mapokezi ya Masimulizi ya Vita vya 1961 katika Mji wa Likasi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu kitabu ambacho kimebeba jina la zamani la mji wetu katika anwani yake, ingawa wengi wa watu wa mji huu hawajapata kukisoma. Kitabu chenyewe ni Siege at Jadotville, kilichoandikwa na Declan Power, mwandishi wa Ayalandi ambaye naye alipata kuwa askari, na kutolewa mwaka 2005. Si riwaya. Ni masimulizi ya mapigano yaliyotokea kweli, yakitegemea kumbukumbu za askari waliopigana. Mwaka 2016 ilitolewa filamu iliyotokana nacho, chini ya uongozi wa Richie Smyth, na ni kwa njia ya filamu hiyo ndipo wanafunzi wetu wengi walipopata habari kwamba mahali wanaposoma paliwahi kuwa uwanja wa vita vinavyozungumzwa hadi Ulaya.

Shabaha yetu si kuhakiki ufundi wa kitabu peke yake. Tunataka kuchunguza jinsi kilivyopokewa na wasomaji, kwao na kwetu, na kuonyesha kwamba mapokezi haya mawili yanaulizana maswali yasiyokutana. Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1967, alifundisha kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo wake wa matarajio. Kwa kawaida wahakiki wetu huitumia nadharia hii kwa riwaya na ushairi. Hapa tunaijaribu kwa maandishi yasiyo ya kubuni, ambamo msomaji hatazamii uzuri tu, bali hutazamia pia kutendewa haki.

2.0 Usuli wa matukio

Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, na hali hiyo ilidumu mpaka Januari 1963. Mapema Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulileta Jadotville kikosi cha askari wa Ayalandi zaidi ya 150, chini ya Pat Quinlan. Kikosi kilikaa pembeni mwa mji, katika nyumba za watu na gereji, kandokando ya barabara iendayo Elisabethville. Tarehe 13 Septemba, siku ile ile Umoja wa Mataifa ulipoanza operesheni yake katika Elisabethville, kikosi hicho kilishambuliwa asubuhi, askari wengi wakiwa katika Misa. Walioshambulia walikuwa majandarme wa Katanga pamoja na mamluki wa kizungu, wakisaidiwa na ndege moja ya kivita aina ya Fouga. Jeshi lililotumwa kuwaokoa lilizuiwa kwenye daraja la Lufira. Tarehe 17 Septemba, maji na risasi vikiwa vimewaishia, Quinlan na watu wake walijisalimisha. Usiku uliofuata Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola. Mateka waliachiliwa mwezi Oktoba. Hakuna hata mmoja wa kikosi hicho aliyekufa katika mapigano.

3.0 Kitabu kama baraza la hukumu

Katika Ayalandi kitabu cha Power hakikusomwa kama habari za nchi ya mbali. Kilisomwa kama utetezi mbele ya baraza la hukumu. Kwa miaka mingi wale waliorudi kutoka Jadotville waliishi na aibu ya kujisalimisha, hata jina la mji wetu likageuka kuwa neno la kuwadhihaki wenyewe kwa wenyewe jeshini. Quinlan alifariki mwaka 1997 kabla jambo hilo halijarekebishwa. Swali lililokuwa mioyoni mwa wasomaji wa huko lilikuwa moja: je, watu hawa walikuwa waoga? Kitabu kilijibu kwamba hawakuwa, na kikaeleza siku baada ya siku kwa nini. Mwaka 2016 serikali ya Ayalandi ilikitunukia kikosi kizima heshima rasmi, na mwaka 2017 askari mmoja mmoja, au jamaa za waliokwisha kufariki, walipewa nishani.

Ni haki kukubali kwamba hayo ni mafanikio makubwa. Ni nadra kitabu kuwarudishia wazee heshima yao wakiwa bado hai kuipokea. Mhakiki asiyeliona hilo, akaanza moja kwa moja na lawama, atakuwa amekosa adabu ya kazi yake.

Lakini baraza la hukumu lina kanuni zake. Huita mashahidi wa mshtakiwa, hupima vitendo vyake, na mambo mengine yote huwa vielelezo tu. Mfano wa wazi ni hesabu ya maiti. Makisio yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 300 waliuawa upande wa washambuliaji. Makisio hayo yanatokana zaidi na upande mmoja, na wanahistoria hawajaafikiana juu yake. Hata hivyo kinachotushughulisha si ukubwa wa idadi, bali kazi inayofanya katika maelezo. Inatajwa ili kuthibitisha kwamba waliojisalimisha walikuwa wamepigana kweli. Maiti hao ni ushahidi kabla ya kuwa marehemu. Hawana majina, hawana vijiji, wala hawana waliowazika.

4.0 Msomaji wa Likasi

Niliwahi kusoma sehemu za kitabu hiki na kundi dogo la wanafunzi wa lisanse. Kwa kuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, na wao hufundishwa kwa Kifaransa, ilinibidi nitafsiri kwa mdomo kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa. Filamu walikuwa wamekwisha kuitazama. Sidai kwamba majibu ya darasa moja ni majibu ya mji mzima, ila naona yaligawanyika katika mikondo mitatu inayostahili kuchambuliwa.

Mkondo wa kwanza ni wa kukataa. Mwanafunzi mmoja alisema kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Ile vita ilikuwa ya benyewe." Maana yake, vita vile vilikuwa vyao wenyewe, Wazungu kwa Wazungu, na sisi tusiingizwe. Jibu hili lina ukweli ndani yake, kwani tukumbuke mamluki, na tukumbuke migodi iliyokuwa ikigombewa. Lakini halitoshi. Majandarme hawakutoka Ulaya. Walikuwa vijana wa Katanga, wana wa nyumba zetu. Anayesema vita vilikuwa vya wengine anawatupa mara ya pili wale wale ambao kitabu kiliwaacha bila majina.

Mkondo wa pili ni wa kujisifu: kwamba mwisho wa yote walioshinda ni wa kwetu, kwa maana wageni ndio waliojisalimisha. Wanafunzi hawa walilihama baraza la Ayalandi wakafungua baraza lao, lakini kanuni zilibaki zile zile. Bado ni kesi ya ushujaa na uoga. Aliyebadilishwa ni mshtakiwa tu.

Mkondo wa tatu ulinishangaza, na mwanzoni niliuona kuwa ni kutoka nje ya mada. Tulipofika mahali ambapo nyumba zinageuzwa kuwa ngome, wanafunzi wawili waliacha kabisa kuzungumza juu ya 1961, wakaanza kueleza waliyosimuliwa na wazazi wao juu ya miaka ya 1992 na 1993, pale familia zenye asili ya Kasai zilipofukuzwa majumbani, na maelfu ya watu wakalala katika stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi wakafia pale pale. Nilitaka kuwarudisha kwenye maandishi. Baadaye nilitambua kwamba hawakuwa wametoka kwenye maandishi. Waliposikia habari za nyumba katika vita, walisoma kwa upeo walio nao. Kwa msomaji wa Likasi, vita vya mjini havianzi na mzinga. Vinaanza na swali la nani anahesabiwa kuwa mkazi wa mji.

5.0 Neno "wakazi"

Hapa elimu ya isimu inaweza kutusaidia. Katika masimulizi ya kijeshi ya aina hii, kwa kadiri nilivyoyasoma, mji hutokea zaidi kama kielezi cha mahali na ni mara chache kuwa mtenda wa tendo. Watu huingia mjini, huzingirwa mjini, hutoka mjini. Nyumba ni kituo cha kufyatulia risasi, barabara ni njia ya adui, kichuguu ni kinga. Hili halitokani na ubaya wa mwandishi. Ndivyo askari aliye katika handaki anavyolazimika kuiona dunia, na mwandishi anayemfuata askari huyo kwa uaminifu ataiona vivyo hivyo.

Lakini kuna mahali pamoja ambapo mji unatenda. Kikosi cha Ayalandi kililetwa Jadotville baada ya Ubelgiji kuuomba Umoja wa Mataifa kwamba wakazi walindwe, nao wakazi hao walipowaona walinzi wao waliwapokea kwa uadui. Mkasa huu unasimuliwa kama kinaya cha kusikitisha. Tujiulize basi: "wakazi" hao ni nani? Ni Wazungu wa mji. Wale waliokaa Kikula, na wale wa kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru, ambao ndio waliokuwa wengi, hawamo katika neno hilo. Katika Kiswahili neno mkazi latokana na kukaa tu. Halichagui rangi wala hati ya nyumba. Kwa hiyo tafsiri yangu ya mdomo darasani ilijikwaa. Nilipotamka "wakazi waliomba ulinzi", wanafunzi walidhani nasema juu ya babu zao. Ilinibidi nisimame nieleze, na ndipo mmoja akauliza swali ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha uhakiki wote huu: "Na siye tuko wapi mu ile kitabu?"

6.0 Mfano wa Mogadishu

Pengine itasemwa kwamba tunadai lisilowezekana, kwamba masimulizi ya vita hayana budi kufuata upande mmoja. Mfano wa Mogadishu unatuonyesha vinginevyo. Katika mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, askari 18 wa Marekani waliuawa pamoja na mamia ya Wasomali. Mark Bowden, mwandishi wa magazeti, alipoandika Black Hawk Down, kilichotolewa mwaka 1999, alisafiri hadi Mogadishu akazungumza na Wasomali, na sauti zao zimo kitabuni, ingawa ni chache zikilinganishwa na za Wamarekani. Filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001 iliziacha karibu zote, na wasomi na Wasomali wengi waliilalamikia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo utanzu wenyewe haukatazi kusikiliza upande wa pili. Ni uamuzi wa mwandishi, na mara nyingine ni uamuzi wa soko.

Hata hivyo mfano huu unatufunza jambo jingine, nalo haliwi faraja kwetu. Hata Bowden asingepata kitu kama Wasomali wasingekubali kusimulia. Power alipoandika, ni maandishi gani ya watu wa Likasi ambayo angeweza kuyafungua?

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba wasomaji wa Ayalandi walikipokea kitabu kama hukumu iliyochelewa, na kwao hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Wasomaji wa Likasi hukipokea kwa kukataa, au kwa kujisifu, au kwa kukumbuka maumivu mengine. Kati ya hayo, ni la tatu tu linalotupeleka mbele, kwa kuwa ndilo peke yake linalomleta mkazi kwenye masimulizi.

Haitufai kuendelea kumlaumu mwandishi wa Ayalandi kwa kazi ambayo ni yetu. Wala tusijitetee kwa kusema kwamba Kiswahili cha Katanga hakina mapokeo ya kuandika historia. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wa Elisabethville kama walivyoijua maboi, yaani watumishi wa majumbani, nayo ikachapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100 na kuzieleza kwa Kiswahili hicho hicho, zikiwemo zinazohusu kujitenga kwa Katanga. Watumishi na mchoraji walithubutu. Walimu wa vyuo ndio tuliosita, labda kwa kuogopa kwamba lugha ya batu si sanifu kama lugha ya watu.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1961 sasa amevuka 80. Mama mmoja wa Kikula niliyemuuliza juu ya siku zile hakujua idadi ya askari wala jina la Quinlan. Alikumbuka sauti ya ndege, na jinsi mama yake alivyowaingiza watoto chini ya kitanda kana kwamba kitanda ni paa la pili. Maelezo yake yalichukua dakika chache tu. Niliyaandika jinsi alivyoyasema, bila kuyasanifisha. Nashauri kwamba kila mwanafunzi wa idara yetu anayeandaa kazi ya mwisho wa masomo aandike walau mahojiano mamoja ya namna hiyo, na yatunzwe maktabani, ili anayekuja baadaye kuandika juu ya mji huu asiweze tena kusema kwamba hakumkuta mkazi nyumbani.