Gunia, kilo na lumbesa: libtiff ilivyobadili aina zake za namba

Kama umewahi kushuka kutoka Sumbawanga kwenda Mtowisa, unaujua ule ukingo. Unaiacha baridi ya Ufipa juu, barabara inajipinda mlimani, na chini linakupokea joto la bonde la Ziwa Rukwa. Nilikuwa naandaa ramani ya mwinuko wa eneo hilo, nione maji ya mvua yanateremkia wapi. Programu niliyoiandika mwenyewe ikanionyesha kwamba kwenye ukingo, juu ya Mtowisa, kuna vilele vya mita 32,768. Kilimanjaro ina 5,895. Yaani Rukwa imeipiku zaidi ya mara tano!

Kosa lilikuwa langu, nitalieleza mbele. Ila kulitafuta kulinipeleka hadi ndani ya libtiff, maktaba ya C inayosoma na kuandika picha za TIFF. Imekuwepo tangu 1988, na ukifungua picha ya TIFF ya setilaiti kwenye QGIS, kazi ya chini kabisa inafanywa nayo.

Tuanze na tatizo lenyewe. Katika C, `int` na `long` ni kama gunia. Ukimwambia mtu "nimevuna magunia kumi", bado hajui ni kilo ngapi, maana inategemea soko na nani kashindilia. Kanuni za C zinasema tu kwamba `int` isipungue biti 16 na `long` isipungue 32. Kwenye Linux ya biti 64, `long` ina baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64, ina baiti 4. Faili la picha halijali hayo. TIFF ya kawaida inaanza na baiti 8 tu: mbili za kusema mpangilio wa baiti, mbili zenye namba 42, na nne za kuonyesha maelezo ya picha yako wapi. Ukizisoma zile nne kwa `long` ya baiti 8, umekomba na baiti za jirani.

Waandishi wa libtiff waliliona hili mapema, wakatunga majina yao: `uint16`, `uint32` na wenzake. Ilikuwa mizani ya nyumbani. Ilifanya kazi, lakini maktaba nyingine nazo zilikuwa na mizani yenye jina lilelile, na ukiziweka pamoja kwenye programu moja zinagombana. Toleo la C la mwaka 1999 lilileta `stdint.h`, yenye `uint16_t` na `uint32_t`. Hapo kilo ikawa ni kilo kila mahali. Libtiff iliyahamia majina hayo katika toleo la 4.3.0, mwaka 2021. Miaka 22! Ni kuchelewa, lakini walihama kwa adabu: majina ya zamani hayakufutwa siku hiyohiyo, kompaila inakuonya tu kwamba yamepitwa. Kwa maktaba inayobeba programu za watu wengi hivi, huo ndio uungwana.

Sasa lawama yangu. Mizani mpya imewekwa mlango wa mbele, ila mzigo mwingi unapita mlango wa nyuma.

Mlango wa kwanza ni `TIFFGetField`, fanksheni ya kuuliza habari za picha. Inapokea vitu bila idadi wala aina maalumu, kwa hiyo kompaila haiwezi kukagua ulichompa. Upana wa picha unarudishwa kama `uint32_t`. Idadi ya biti kwa kila sampuli, kama `uint16_t`. Ukikosea ukaupokea upana ndani ya `uint16_t`, baiti nne zinamwagwa kwenye nafasi ya mbili. Hiyo ni lumbesa hasa, na kinachozidi kinamwagikia kumbukumbu ya jirani. Wala usitegemee onyo.

Mlango wa pili ndio ulioninasa mimi. `TIFFReadScanline` inakukabidhi mstari wa pikseli kupitia anwani isiyotaja aina. Data yangu ilitokana na SRTM, ile safari ya chombo cha Endeavour ya Februari 2000 iliyopima mwinuko wa dunia kwa rada. Kila kipimo ni namba ya biti 16 inayoweza kuwa hasi, na pale rada iliposhindwa kuona, mara nyingi kwenye miteremko mikali, huandikwa -32768. Mimi nilisoma kwa `uint16_t` badala ya `int16_t`. Upana wa biti ulikuwa sahihi kabisa. Maana ndiyo ilikuwa potofu. Lebo ya SampleFormat ingeniambia kama namba zina hasi au hazina, lakini sikuiuliza, na libtiff haikunilazimisha.

Najua kubadili `TIFFGetField` kungevunja programu za nusu ya dunia, na sidai ifutwe. Fanksheni za kando, zenye aina zilizotajwa wazi, kwa lebo chache zinazotumika kila siku, zingetosha kuipa kompaila macho. Bila hivyo, `uint32_t` inabaki ahadi nzuri ambayo hakuna anayeisimamia pale inapohitajika zaidi.

Kwa wewe unayeanza: soma jedwali la aina kwenye mwongozo wa `TIFFGetField` kabla ya kuandika mstari wowote, na uliza SampleFormat kabla ya kugusa pikseli.

Ramani yangu sasa ina matundu meupe pale ukingoni, maana hapo hatuna kipimo. Afadhali matundu. Kwenye ramani ya mwanzo, maji yangegonga ukuta wa kilomita 32 yakapinda, na wakazi wa chini yake wangeonekana wako salama.