Mamba wa Mizani Kumi na Mbili

Mturkana hafundishwi tabia za mamba. Wavuvi wa Kalokol wanaishi nao ziwani. Labda ndiyo maana shairi la Abdilatif Abdalla, "Mamba", linatukaa vizuri hata sisi wa huku Kapedo, mbali na Mombasa alikozaliwa mshairi mwaka 1946.

Alikamatwa Desemba 1968 kwa waraka wake "Kenya: Twendapi?", ulioishutumu serikali kwa kukibana chama cha upinzani cha KPU. Akafungwa miaka 3, sehemu kubwa katika gereza la Kamiti, akitengwa na wafungwa wengine. Huko aliandika mashairi kwenye karatasi za chooni.

Tulitazame jambo hili kwa jicho la fundi. Karatasi ya chooni haivumilii kufutafuta. Ukikosea mara mbili, imechanika. Basi ubeti sharti ukomae kichwani kwanza, na vina ndivyo vinavyoushika usipotee mpaka upate mwanya wa kuandika. Wanaodai kwamba arudhi ni mzigo wa bure wangefikiri tena hapo.

Katika "Mamba" kila mshororo huanza na kipande cha mizani 4, kikafuatwa na kingine cha 8. Kipande kifupi kinang'ata, kirefu kinaburuta. Hilo si pambo. Mnyama anayejitapa mtoni, akidhani hana mwisho, tunamsikia katika mwendo wenyewe wa maneno kabla hatujauliza ni nani. Na mshairi anatangaza mapema kwamba atafumba, mwenye uwezo afumbue. Askari jela angelisoma angeona mamba tu. Sioni ujanja wa kisiasa uliozidi huo.

Tena Rais aliyekuwa akitawala Kenya wakati huo aliyajua maisha ya kufungiwa. Jomo Kenyatta mwenyewe alifungwa na Waingereza huku kwetu, Lokitaung hadi 1959, kisha akawekwa Lodwar hadi 1961. Joto la Turkana, inaonekana, halikumfundisha huruma kwa kijana wa miaka 22 aliyeuliza swali.

Abdilatif alitoka jela 1972, akahamia Dar es Salaam. Baadaye London, kisha Leipzig alikofundisha Kiswahili miaka mingi. Mashairi yale yalichapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, mwandishi akiwa uhamishoni na mwenye jina la tuzo akiwa bado Ikulu.