Mashine Zilizokuwa Zikiwaka

Marehemu baba aliniachia kasha la disketi. Alikuwa karani, na jioni alichapa mashairi yake kwenye kompyuta ya ofisini. Ninazo tangu kidato cha pili, sijawahi kuzisoma hata moja. Kwa hiyo ninapoyahakiki makumbusho ya Living Computers ya Seattle, Marekani, siwezi kudai kuwa sina upande.

Makumbusho hayo ya Paul Allen, mmoja wa waasisi wa Microsoft, yalifungua milango kwa umma mwaka 2012. Sifa yake kubwa ni kwamba mashine zilikuwa zikiwaka. Mgeni aliketi akachapa. Aliye mbali aliweza kuzitumia kompyuta kuukuu za PDP-10 kupitia intaneti. Hilo si jambo dogo, maana kompyuta ikiwekwa ghalani haitulii kama chungu cha udongo. Betri huvuja zikala saketi, kapasita hukauka, tepu za sumaku huanza kubanduka. Kuitunza ni kuitengeneza kila mara, na fundi anayeijua ana thamani sawa na mashine yenyewe.

Kasoro ilikuwa kwenye msingi: yote hayo yalitegemea mfuko wa mtu mmoja. Allen alifariki 2018. Mwaka 2020, wakati wa korona, milango ilifungwa na haikufunguliwa tena. Mwaka 2024 Christie's wakanadi sehemu ya mkusanyiko wake. Apple-1 iliyokuwa ofisini kwa Steve Jobs ilinunuliwa kwa dola 945,000. Fedha za mnada zilikusudiwa kwa hisani, nami silaumu hilo. Ninachohoji ni kipimo. Mnadani huulizwa mashine ilikuwa ya nani. Pale Seattle swali lilikuwa kama inafanya kazi, na swali hilo halina dalali.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Naongeza kwamba hata daftari hupotea, akikosekana wa kulifungua.

Mwezi uliopita nilimpelekea kasha lile mzee mmoja fundi redio mtaani kwetu. Anacho kisomeo cha disketi, anakisafisha mwenyewe. Aliligeuzageuza, akapuliza vumbi.

"Mwanangu, ulikuwa unangoja nini?" akaniuliza. "Hizi zinaoza. Na mimi sikai milele."